Kitako cha Pishi

Jumapili, Wete, baada ya ibada,
nawafundisha watoto saba chini ya bati linalovuja.
Teodora, binti wa Damiani fundi cherehani,
miaka tisa, pengo mbele,
hanyooshi kidole, anauliza tu:
"Nyoka alimdanganya Hawa. Sawa.
Nyoka alidanganywa na nani?"
Nikasema: na nafsi yake. Alikuwa malaika, akaingiwa na kiburi.
"Kikitoka wapi, na mbinguni milango ina walinzi?"
Wenzake wakacheka. Nami nikacheka,
nikawaruhusu mapema.
Mvua inakuja, nikasema.
Haikuja.

Jumatatu mimi si katekista. Ni karani wa pishi,
shamba la Limbani, msimu umekolea,
wachumaji wanashuka na mapakacha,
vidole vinanuka karafuu hadi ndani ya kucha.
Bi Time binti Kombo anamimina.
Anatazama pishi inavyomeza.
"Ama mti leo haukuzaa,
ama vidole vyangu vimezeeka."
Naandika: tatu.
Zilikuwa tatu na ushei.

Pishi hiyo naijua kitako.
Usiku mmoja wa Julai niliipakata, nikaigonga kwa ndani,
taratibu, nimeizungushia kanga ya mke wangu isilie,
mpaka bati likatoa tumbo upande wa chini.
Njaa haikuwepo; tulikula wali na pono.
Mwenye shamba hakuniagiza, ingawa alifaidi
na mkono wangu haukutoka mtupu.
Nyoka hakuwepo.
Alikuwepo mjusi kafiri ukutani,
naye ameshughulika na nondo wake.

Padri alitufundisha: uovu si kitu.
Mungu hakuuumba. Ni upungufu,
kama giza, kama tundu la soksi.
Nimeamini. Hata kitako changu ni hivyo:
sikuongeza bati, sikupunguza bati,
ni uwazi tu, mahali chuma kilipoacha kukaa kilivyofuliwa.
Lakini uwazi ule unakula.
Nusu kibaba kwa kila pishi,
siku arobaini, wanawake kumi na wanne:
kitu kisicho kitu
kimeshiba kuliko sisi.

Nimemlalamikia, sitaficha.
Uliniona na nyundo. Ulijua mlio kabla haujalia.
Ungeutia ganzi mkono huu, dakika moja tu,
nani angekulaumu?
Kimya.
Nje, mkarafuu.
Mkarafuu hautendi dhambi. Unatoa karafuu,
mwenye shamba awe mwizi, awe walii,
wala hakuna aliyewahi kuushukuru kwa uaminifu.
Labda ndilo jibu.
Labda ni jibu la mtu mwenye nyundo.

Nimejaribu kukirudisha kitako. Kimerudi, karibu chote.
Limebaki kunjo moja; ukipitisha kidole unalipata.
Pesa nimeanza kulipa, kwa Bi Time kwanza.
Amezihesabu mara mbili,
amezifunga ukingoni mwa leso,
hakuniuliza ni za nini,
hakunisamehe pia.

Jumapili nikaileta pishi darasani.
Teodora akaingiza mkono, akapapasa chini,
akafika kwenye kunjo, akasimama hapo.
"Nani kaiharibu?"
Mimi.
Watoto wengine wakatazama miguu yao.
"Na nyundo, ulipewa na nani?"
Nikamwambia: ni ileile
iliyopigilia benchi ulilokalia.
Akalitikisa benchi, kwa makusudi,
huku na huku,
asikie kama litalia.